Ukucha Namba 3318

Manowarini, baharini
9 Machi 1986

Kwa mwenye mhuri namba 41,
Kiwanda cha Eberhart, Cobb Fork, Ohio

Ndugu Mkaguzi,

Hunijui wala sikujui, ila nimeishika kazi yako mikononi kwa miaka miwili, na si adabu kuendelea hivyo bila kukusalimu. Naitwa Dionisio Macaraeg, fundi wa kikosi cha ndege za kivita kwenye manowari ya kubebea ndege. Kazi yangu kubwa ni kulabu, ule mkono wa chuma ulio mkiani mwa ndege, unaonasa waya uliotandazwa sitahani ili ndege isimame kabla sitaha haijaisha. Kwenye ncha ya kulabu ndipo panapofungwa kipuri mnachotutengenezea ninyi, ukucha. Wewe unaujua ukiwa mpya, umepakwa mafuta na kutiwa kisandukuni. Nimeona nikueleze unavyozeeka.

Jana tuliuvua mmoja uliomaliza muda wake. Umekamata waya mara zote unazoruhusiwa, basi ukapumzishwa. Umeliwa upande wa chini kama kipande cha sabuni, lakini umeliwa sawasawa, kushoto kama kulia, na hauna ufa popote. Niliulaza juu ya karatasi nikauzungushia penseli, mchoro nimeuambatanisha. Nilipotia alama ya msalaba ndipo ulipo mhuri wako. Waya umesugua kila kitu, lakini 41 bado inasomeka.

Visanduku vikipanda kutoka stoo, watu hapa hutazama mhuri kabla ya namba. Mkuu wetu wa zamu, Bwana Sorrell, ambaye hasifu hata mapishi ya mama yake mzazi, husema, "Hiyo 41 iwekeni kwenye 207." Mwenzangu Boggs, mtu wa Texas, alimuuliza kwa nini 207. Akajibiwa, "Kwa sababu rubani wa 207 hatui, anaangusha piano."

Sikuombi kitu. Nimeona tu haifai mtu atutunzie roho za watu kutoka mbali hivyo, halafu asisikie lolote kutoka kwetu.

Wako katika kazi,
Dionisio Macaraeg, fundi daraja la pili


Cobb Fork, Ohio
31 Machi 1986

Bwana Macaraeg,

Barua yako ilifika Alhamisi tarehe 27, saa ya chakula. Msimamizi wetu, Gaskill, aliifungua kwa kuwa haikuwa na jina, akaisoma kwa sauti mbele ya watu wote. Alipomaliza akanigeukia: "Verna, kumbe una mchumba baharini!"

Nikamwambia, "Mchumba gani anayeandika kurasa mbili za habari za chuma?"

"Ndiyo maana nimesema wako wewe."

Walicheka mpaka kengele ikalia. Lakini mchoro wako umebandikwa ukutani karibu na mashine ya kusaga, na nimewaona watu wakisimama kuutazama wakidhani hawaonekani. Kumi na wawili kati yetu hatujawahi kuona bahari.

Kwa hiyo mwenye 41 ni mwanamke. Naitwa Verna Stallcup, nina miaka 58, ni mjane, na mhuri huu ninao mwaka wa ishirini na mbili. Hapa kila mkaguzi ana mhuri wake wa chuma, na anaporudi nyumbani huufungia kwenye kabati lenye ufunguo. Hauazimwi. Mkaguzi akiondoka, uso wa mhuri husagwa kwa tupa, na namba ile hapewi mtu mwingine tena.

Kila ukucha naupima kwanza mchana kweupe. Halafu naingia nao chumba cha giza. Nazima taa na kukaa dakika tano bila kufanya kitu, mpaka macho yazoee. Naumwagia mafuta yenye unga wa chuma ukingali kwenye sumaku, nawasha taa ya zambarau. Kama pana ufa, hata mwembamba kuliko unywele, unga hujikusanya pale ukang'aa kijani. Kama hapana, naona giza tupu. Nimelipwa miaka yote hii kutazama giza na kusema "safi".

Nina ombi. Tangu nimalize sekondari mwaka 1946 naandika kitabu cha siku. Hakina siri za moyo. Mna hali ya hewa, chakula, na namba nilizokagua. Nitumie namba za kucha zangu mlizo nazo, nami nitakuambia siku kila mmoja ulipopita mikononi mwangu ilikuwaje. Na unieleze ndege inavyotua. Gaskill anasema ni kama gari linalogonga ukuta. Nadhani anabuni.

Jana ilikuwa Pasaka. Nyama ya nguruwe na viazi. Mvua tangu saa tatu.

Verna Stallcup


Manowarini, baharini
21 Aprili 1986

Bi Verna,

Samahani kwa lile "Ndugu". Mama yangu kule National City akisikia nilimwandikia mama wa watu bila heshima atanipiga kwa kandambili hata kama nina miaka thelathini na moja.

Mwambie Bwana Gaskill hajakosea sana, ila ukuta unarudi nyuma kidogo. Ndege inakuja kwa kasi, na rubani akigusa sitaha haondoi moto, anauongeza, ili kama kulabu imekosa waya apae tena. Kwa hiyo kuna kitambo cha kupiga kope mbili ambapo injini zinavuta mbele kwa nguvu zote, waya unavuta nyuma kwa nguvu zote, na katikati yao upo ukucha wako peke yake. Halafu kimya, moshi, na ndege imesimama inatetemeka kama farasi.

Kila asubuhi kabla ya kurusha tunajipanga bega kwa bega, upande hadi upande wa sitaha, maofisa na wapishi na mafundi, tunatembea polepole tumeinamisha vichwa. Tunaokota. Skrubu, uzi wa waya, changarawe iliyoingia na soli ya kiatu. Kitu cha ukubwa wa dengu kikivutwa na injini kinaiua. Siku ya kwanza nilidhani wananitania mgeni. Siku hizi hata nikiwa likizo natembea barabarani naokota misumari.

Wapo marubani wanaoshuka na kwenda zao. Luteni Varney, anayerusha namba 211, akishuka huzunguka nyuma, anapiga kulabu kofi kwa kiganja kitupu, anasema, "Asante, bibi." Ameungua mkono mara mbili. Haachi. Nilipomwambia kwamba bibi mwenyewe yupo Ohio na ana jina, alivua kofia.

Na ujue hata barua zako zinafika kwa kulabu. Ndege ya posta inanaswa na waya ule ule.

Namba ulizoomba: 207 ina 3291. Nyingine ni 3318, nayo ina hadithi. Ilikuwa kwenye ndege 204, lakini 204 ni mgonjwa wetu. Ipo chini kwenye karakana haina injini, na kila tunapokosa kipuri tunamchuna yeye. Wiki mbili zilizopita ukucha wa 211 ulikutwa umekatika ukingo saa moja kabla ya kuruka, na stoo hakuna kitu. Mimi na Boggs tulivua 3318 kwenye 204, tukaufunga kwenye 211 kwa dakika arobaini. Karatasi zilikuja nyuma, kama kawaida ya karatasi. Varney akaruka kwa wakati. Sorrell hakusema neno, na kwa Sorrell hiyo ni nishani.

Niambie basi, siku ya 3318 mlikula nini?

Dion


Cobb Fork, Ohio
Jumatatu, 12 Mei 1986

Mwanangu Dion,

Niruhusu nikuite hivyo leo.

Namba 3291 ilikuwa tarehe 22 Oktoba. Jua, baridi kidogo, supu ya maharage na mkate wa mahindi. Odell Kubiak, mkaguzi mwenzangu, alikata nywele vibaya.

Namba 3318 nakunakilia kama nilivyoandika:

"Alhamisi 14 Novemba 1985. Mawingu mpaka saa nne, kisha jua kali. Nimechukua miwani mipya kwa Daktari Pence, ile inayojigeuza kuwa ya kiza yenyewe ukiingia juani. Gaskill asema naonekana kama mcheza sinema. 3311 hadi 3320, safi. Tambi na kuku."

"Ijumaa 15. Theluji nyepesi. 3321 hadi 3331, safi. Kichwa chauma."

"Jumatatu 18. 3332 hadi 3341, safi. Kichwa tena. Nadhani ni miwani."

"Jumanne 19. Nimerudia miwani ya zamani. Kichwa kimepona."

Nilisoma nikicheka, nikijiandaa kukueleza habari ya mcheza sinema. Kisha nikasoma tena.

Miwani ile haijui jua, Dion. Inajua ule mwanga usioonekana ulio ndani ya jua. Na mwanga huo ndio unaotoka kwenye taa yangu ya zambarau. Siku tatu nilikaa gizani dakika tano zangu kama kawaida, nikawasha taa, na vioo vikafunga kiza mbele ya macho yangu bila mimi kujua. Kucha thelathini na moja nilizitazama kupitia pazia, nikaona giza, nikaandika "safi". Pengine ni safi kweli. Sijui. Mhuri wangu unasema najua.

Nimemwambia Gaskill leo saa moja na nusu asubuhi. Alifunga mlango. "Verna, hizo ndege zimetua miezi mingapi sasa? Ingekuwa mbovu tungesikia. Umebakiza miezi minne ustaafu. Nenda kanywe kahawa."

Nikamwambia, "Tungesikiaje, Gaskill? Tungesikia kwa kishindo?"

Alichukua simu mwenyewe, akampigia Bwana Wexler, mkaguzi wa jeshi la majini. Lazima nilitaje hilo kwa haki yake. Amri itawafikia kwa simu ya maandishi siku nyingi kabla ya barua hii. Wataangalia kadi, watajua kila ukucha uko ndege gani, watautoa. Kadi zenu naziamini kama ninavyokiamini kitabu changu.

Naandika ili usisikie kwa mwingine kwamba 41 ilikosea. Ulinisifu, na sifa hiyo sikuistahili siku zile tatu.

Verna


Manowarini, baharini
15 Mei 1986

Bi Verna,

Sijui kama umesikia, na sijui nani huko amekusingizia. Jana imekuja amri kwamba kucha zenye mhuri 41 za tarehe 14, 15 na 18 Novemba zitolewe kabla ya ndege kuruka tena, kwa kuwa "ukaguzi haukuaminika". Haukuaminika! Boggs alitaka kuitukana mashine ya simu. Nimewaambia hapa pana hila, kuna mtu anataka nafasi yako.

Lakini nikueleze yaliyotokea, kwa sababu nahusika.

Sorrell alisoma namba kwa sauti karakanani. Tulikuwa nazo tatu. Mbili zilikuwa visandukuni bado. Ya tatu, 3318. Akavuta kadi. "Hii ipo kwenye 204. Basi 204 haiendi popote, tutautoa Ijumaa." Watu wakarudi kwenye kazi zao.

Kadi ilisema 204 kwa sababu yangu. Siku ile ya dakika arobaini nilisema nitaihamisha nikishakula. Nikala, nikaitwa kwingine, nikasahau. Wiki moja baadaye nilikumbuka, lakini kuihamisha kulitaka nimwambie Sorrell kwa nini imechelewa, na mtihani wangu wa kupanda cheo ulikuwa umekaribia. Nikaona ukucha ni wa 41, una kasoro gani? Nikauacha. Unajua sheria yetu na yenu ni moja: kipande kisicho na kadi hakipo, na kadi isiyo na kipande ni uongo. Nilijua. Nikauacha.

Na 211 ilikuwa angani, na Varney ndani yake.

Niliposikia kadi ikisomwa nilisema papo hapo. "Mkuu, 3318 haiko kwenye 204. Iko juu."

"Juu ya nini?"

"Juu, mkuu. Angani. Na Luteni Varney."

Sijawahi kumwona mtu wa miaka arobaini na saba akipanda ngazi za chuma namna ile. Varney aliambiwa asitue kwetu, aelekee uwanja wa nchi kavu. Alifika salama, akatua kwa magurudumu kwenye lami ndefu kama abiria wa kawaida. Ukucha umetolewa huko huko, unakuja kwenu.

Mimi nitasimama mbele ya nahodha wiki ijayo. Ni haki. Lakini jitetee, Bi Verna. Usikubali wakuvunje kwa uzushi.

Dion


Manowarini, baharini
30 Mei 1986

Bi Verna,

Barua yako ya tarehe 12 imefika leo. Nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho chini ya bawa la 204, mahali ambapo hakuna mtu wa kuniona uso.

Kumbe aliyekusingizia ni wewe.

Nilimpa Sorrell asome pale pa miwani. Alisoma taratibu. Akavua miwani yake mwenyewe, akaitazama, akairudisha. "Miaka ishirini na sita nafanya kazi na watu wanaoficha spana walizopoteza," akasema. "Huyu mama amelitafuta kosa lake miezi sita nyuma, ndani ya kitabu chake mwenyewe, akalipeleka kwa bosi kabla ya kahawa." Kisha akaniambia, "Na wewe Macaraeg ulikuwa unafanya nini?"

Kwa hiyo lazima nikuandikie tena yale ya tarehe 14, kwa sababu sikukuandikia kweli.

Sikusema papo hapo. Sorrell aliposoma kadi nilikuwa nimeshika kitambaa, nasafisha bomba. Niliendelea kulisafisha. Niliwaza: labda 211 itatua salama, imetua salama siku zote, usiku naingia nafungua ukucha, naweka kadi sawa, hakuna atakayejua. Niliwaza tepe langu la cheo na mama yangu ambaye ameshawaambia wanawake wote wa kanisani kwamba napanda cheo. Saa kubwa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Nilitazama mshale kutoka saa nne na dakika nane hadi saa nne na dakika kumi na tisa. Dakika kumi na moja, Bi Verna. Bomba lilikuwa linang'aa.

Kilichonifungua mdomo si ushujaa. Boggs alipita akasema, "Varney anakuja, niandalie bibi nimfute," maana kila 211 ikitua anaifuta kulabu ili Luteni asiungue mkono. Nikaona kile kiganja.

Nahodha amenivua tepe moja, na kwa miezi mitatu siruhusiwi kutia sahihi kadi yoyote. Nafagia karakana. Boggs ananiita "Mheshimiwa Ufagio" na anainama nikipita.

Dion


Cobb Fork, Ohio
20 Juni 1986

Mwanangu,

Barua zako mbili zimefika zimepishana, ya pili siku nne tu baada ya ya kwanza. Sasa nami nina deni la kweli.

Nilikuandikia kana kwamba nilisoma kitabu, nikaona, nikasema. Sivyo. Barua yako yenye namba ilifika Jumamosi tarehe 10. Niliisoma saa nne asubuhi, na saa nne na nusu nilikuwa nimeshaelewa. Namba ya simu ya Gaskill ipo kwenye kipande cha karatasi juu ya jokofu langu. Sikupiga. Nilifua mapazia. Jumapili nilikwenda kanisani, nikarudi, nikapika tambi, nikazitupa. Nilijiambia jeshi halifanyi kazi Jumapili, ilhali wewe mwenyewe uliniandikia kwamba mnarusha kila siku. Siku mbili, Dion. Wewe ulihesabu dakika zako kwa saa ya ukutani. Mimi zangu nilizifua na kuzianika.

Angalia kitabu chako cha safari, uniambie 211 ilitua mara ngapi kati ya Jumamosi ile na Jumatatu. Nataka niandike kwenye changu.

Kucha zote thelathini na moja zimerudi. Jumanne zilikaguliwa upya na Odell Kubiak, mhuri 58, nikiwa nimekaa nyuma yake. Wexler aliniruhusu kukaa, si kutazama. Nilielekezwa uso ukutani. Odell alikuwa na hofu kuliko mimi. "Bi Verna, niwashe?" Nikamwambia, "Umekaa dakika tano?" Akasema nne. "Basi kaa ya tano."

Nilisikiliza. Mafuta yanamwagika, swichi inalia, kimya, halafu, "Safi." Mafuta, swichi, kimya, safi. 3318 ilikuwa ya nane. Nilibana viganja. Safi. Nilitaka kucheka na kulia. Ulivuliwa tepe kwa ukucha mzima, Dion, na waonee huruma watakaokutania kwa hilo, kwa sababu hawajui kinachofuata.

3325. Mafuta, swichi, kimya. Kimya kikaendelea. Nikasikia Odell anapumua. Hakuniita, akamwita Wexler. Ufa, pembeni mwa tundu la boliti, mfupi kama punje ya mchele. Nilitia mhuri juu yake kwa mkono wangu.

Ulikuwa kwenye kisanduku kilichoshuka kutoka kwenu. Mojawapo ya zile mbili. Ungefungwa kwenye ndege ya kwanza yenye haja.

Kwa kanuni, mkaguzi aliyepitisha ufa hurudisha mhuri. Wexler alisema angeandika maombi, kwa kuwa nimejishtaki mwenyewe. Nikamwambia asiandike. Ikiwa mhuri unaweza kuombewa, basi mhuri ule mliokuwa mkiutafuta kabla ya namba ulikuwa na maana gani? Gaskill alishika tupa, akairudisha mezani. Nikaufunga mwenyewe kwenye jiliwa, nikausaga. Ilinichukua dakika sita. Chuma kizuri kile.

Hadi Septemba nipo upande wa kufungasha. Natia kucha mafuta, nazifunga kwa karatasi ya nta, naweka kisandukuni. Ni kazi safi. Saa ya mapumziko Odell huja nimfundishe. Hakuna cha kumfundisha zaidi ya kukaa ile dakika ya tano.

Usitafute 41 tena.

Verna Stallcup


Manowarini, baharini
13 Julai 1986

Bi Verna,

Umeuliza. Kati ya Jumamosi asubuhi na Jumatatu, 211 ilitua mara tano. Nimekuandikia hesabu yenyewe bila kuilainisha, kwa sababu nadhani ungeitupa barua yangu kama ningefanya vingine.

Nilimwambia Varney hesabu zote mbili, tano zako na dakika zangu kumi na moja. Niliona ni haki yake, maana kichwa kilichokuwa kwenye kiti kile ni chake. Alikuwa anakula chungwa. Aliendelea kulimenya.

"Wakati ule niliporudi kuelekea melini nilikuwa na mafuta ya dakika arobaini," akasema. "Ungesema baada ya arobaini, ningekuwa na neno na wewe. Umesema baada ya kumi na moja. Uwanja ulikuwa mbali mwendo wa ishirini." Akanikatia nusu ya chungwa. "Na yule bibi wa Ohio mwambie kwamba nimeruka na watu wengi waliosema 'safi'. Yeye ni wa kwanza niliyemsikia akisema 'sijui'."

Sorrell aliandika namba 3325 kwa chaki juu ya mlango wa stoo. Haijafutwa. Wageni wakiuliza ni nini, Boggs anawaeleza, na haitaji tena habari za mheshimiwa mwenye ufagio. Inambidi aseme kwamba ule ukucha ungeweza kuwa kwenye ndege yoyote inayopita mbele yao.

Jana ndege ya posta ilileta visanduku vinne. Kifungo changu cha sahihi kina wiki sita bado, kwa hiyo sikupaswa kugusa, nilikuwa nafagia pembeni. Sorrell alifungua cha kwanza. Karatasi ya nta ilikuwa imekunjwa pembe kwa pembe kama shuka la hospitali, sijawahi kuona kipuri kimefungwa hivyo. Alisimama akaitazama bila kuikunjua. Halafu akaita, "Macaraeg! Weka ufagio, njoo."

Nikaja.

"Soma mhuri."

Nikasoma, 58. Boggs akauliza, "Huyu ni nani sasa?"

Nikawaambia, "Huyu alikaa dakika ya tano."

Sorrell akasema, "Basi uende 211." Sahihi alitia yeye, lakini alinipa mimi nishike vyote viwili, kadi na ukucha, nitembee navyo mpaka chini ya mkia wa ndege. Boggs alikuwa ameshalala chini na spana mkononi, akanyoosha mkono. Sikumpa. Kwanza kadi iliandikwa 211, ikaingia mahali pake, nikausoma mstari kwa sauti, na Sorrell akausoma tena. Ndipo nikampa ukucha.

Dion